Wazee wetu wa kazi wanaosahau: tuwasaidie kusimama sawasawa

Kila asubui, mbele ya saa kumi na moja, muzee mumoja wa kartie yetu hapa Kolwezi alikuwa anasimama kandokando ya barabara, pale bisi ya wafanyakazi ilikuwa inapita zamani. Botini za kazi kwa miguu, kasko chini ya kwapa. Bisi ile haipiti tena tangu miaka mingi, na muzee mwenyewe aliingia retreti zamani. Lakini yeye anangoja tu, mugongo umeinama, macho chini, mupaka jua linatoka na mutoto wake mwanamuke anakuja kumutafuta.

Sisi wa sendika tulikuwa tunapita pale tukienda kazi. Tuseme ukweli: tulikuwa tunacheka. "Papa, bisi imechelewa leo?" Na yeye anatujibu kwa eshima: "Itakuya, bana yangu. Itakuya." Alikuwa ameendesha mashini ya kuchimba kwa miaka zaidi ya makumi tatu. Wengi kati yetu ni yeye alitufundisha kazi.

Musimu mumoja wa mvua akaanguka ndani ya mufereji. Mukono ukavunjika. Alilala mule ndani ya maji karibu masaa mawili mbele ya mutu kumuona. Siku ile njo tuliacha kucheka. Kwa maana nyumbani kwake maneno mengine yalikuwa yameshaanza: kwamba muzee anatoka usiku juu ya bulozi, kwamba ni yeye anafunga kazi ya wajukuu. Familia ilikuwa tayari kumupeleka kwa pasta mumoja kwa siku tatu za kufunga, bila chakula, bila maji. Muzee wa miaka sabini na kitu, na mukono uliovunjika.

Tukaomba familia itupe siku moja tu. Tukamupeleka kwanza kwa munganga. Habari tuliyoipata pale, na ile tuliyojifunza nyuma yake, tunaiandika leo kwa wote wenye kuwa na muzee kama huyu ndani ya lupango.

Ugonjwa ulio na jina

Munganga alimupima damu, tansio, macho na masikio. Akauliza familia maulizo mengi: ilianza lini, polepole ao gafula, anasahau nini, anakumbuka nini, dawa gani anakunywa. Mwisho akasema: ni ugonjwa wa Alzheimer.

Jina hili ni la munganga wa Ujerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, kule Frankfurt, alimupokea mama mumoja wa miaka 51 aliyeanza kusahau kila kitu, Auguste Deter. Mama yule alikufa mwaka 1906. Alzheimer akaangalia ubongo wake kwa mikroskopi, akaona uchafu umejikusanya kati ya seli, na nyuzi zimefungana ndani ya seli zenyewe. Alieleza mambo hayo mbele ya waganga wenzake tarehe 3 Novemba 1906. Sisi watu wa shaba tunaijua sana mwaka ile: siku sita tu mbele yake, tarehe 28 Oktoba 1906, Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa. Ugonjwa huu unajulikana kwa waganga tangu siku sawa na kampuni iliyoleta wakambo wetu ku Katanga. Lakini jina la kampuni kila mutoto analijua. Jina la ugonjwa, hapana.

Shirika la afya la dunia, OMS, linahesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na ugonjwa wa kupoteza akili kwa uzee ulimwenguni pote, na zaidi ya 60 kwa mia kati yao wanaishi katika inchi zisizo tajiri, kama yetu. Kati ya wagonjwa hao, 60 mupaka 70 kwa mia ni Alzheimer. Haiko ugonjwa wa Wazungu. Na haiko bulozi. Muzee anayetoka usiku hatumwi na mutu: saa ya ndani ya ubongo imeharibika, na kichwa kinamurudisha kwenye posti aliyoifanya maisha yake yote.

Tena si kila muzee anayesahau iko na Alzheimer. Munganga anatafuta kwanza magonjwa mengine yanayofanana nayo na ambayo mara ingine yanatibika: kukosa vitamini, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, huzuni kubwa, dawa zisizopatana, sifilisi ya zamani. Na hapa Lualaba kuna neno moja la kuongeza. Kule Kisenge manganezi ilichimbwa. Vumbi ya manganezi, kama mutu ameivuta miaka mingi, inaweza kuharibu ubongo na kumuacha mutu anatembea amekauka, ameinama, kama mwenye ugonjwa wa Parkinson. Mambo hayo yanajulikana tangu 1837. Basi muzee aliyefanya kazi katika manganezi, familia imuambie munganga hivyo bila kungoja aulize.

Sababu gani mugongo unainama

Tulikuwa tunazani Alzheimer ni ugonjwa wa kichwa peke yake. Mutu wa kinezitherapi aliyemupokea muzee nyuma ya mukono kupona, alitufungua macho.

Wafanyakazi wa usini watamuelewa haraka. Ndani ya usini kuna chumba cha komandi. Pompe iko nzima, mota iko nzima, lakini kama nyuzi za komandi zimekatika, nani ataiambia pompe ifanye kazi? Mwili wa mugonjwa wa Alzheimer ni vile. Miguu bado ina nguvu, lakini ubongo hautume tena vizuri ile amri ya kusimama wima, ya kupima mahali pa kuweka muguu, ya kujishika kama mutu amejikwaa. Anaanza kutembea kwa hatua fupi. Kichwa kinatangulia mbele, mugongo unafuata, magoti yanakunjika. Na mutu akiisha kuinama hivi, uzito wake unasogea mbele, kwenye vidole vya miguu: kajiwe kadogo kanatosha kumuangusha. Akiinama, anaona chini tu, haoni motoka inayokuja. Kifua kinabanwa, anapumua kidogo. Kumeza kunakuwa nguvu, chakula kinapita njia ya pumuzi, na kichomi kinamuingia. Wagonjwa wengi wa Alzheimer hawauawi na kusahau. Wanauawa na kuanguka, na vidonda vya kitanda, na kichomi.

Njo maana kazi ya kinezi ni kubwa. Haipiganie kichwa. Inapigania namna ya kukaa, ya kusimama na ya kutembea, ili mutu aendelee kukaa kwenye meza pamoja na wengine, aende mwenyewe ku choo, asianguke.

Kazi yenyewe, namna tuliiona

Tulizani tutaona mashini za bei kali. Tuliona kiti, ukuta na meza.

Kiti kwanza. Muzee alikuwa anakaa katika kanape laini iliyozama, na kila siku mugongo unakunjika zaidi. Ikaondolewa. Akapewa kiti cha mbao, chenye mahali pa kuweka mikono, si kirefu, si kifupi: miguu yote miwili inagusa chini, matako yanafika mupaka nyuma. Kibuyu ao kastuli kadogo ka jikoni, hapana, maana mutu mugonjwa hawezi kusimama kutoka pale bila kuvutwa.

Nyuma ya kiti, kusimama. Asogee mbele kidogo, miguu irudi chini ya magoti, kisha ainame mupaka pua inapita vidole vya miguu, na asukume kwa mikono. Mara tano, apumuzike, tena mara tano, meza iko karibu ya kushika. Zoezi hilo linaonekana ni la watoto. Lakini mutu asiyeweza kusimama kutoka kiti, kesho ni wa kitanda.

Kisha ukuta. Muzee anasimama kisigino karibu na ukuta, matako na mabega yanagusa, anapumua polepole, anaangalia mbele. Kichwa hakisukumwe kwa nguvu: mifupa ya wazee wengine imekuwa mepesi, na mugongo mwingine umekwisha kukauka. Hapo ni mutu wa kinezi anapima mupaka wapi. Familia isijaribu kunyoosha muzee kama mutu anayenyoosha fimbo.

Kutembea sasa. Usitembee mbele yake ukimuvuta mikono, maana utamuinamisha zaidi. Simama pembeni yake, mukono wako nyuma ya kiuno, mwingine unashika wake. Na usiongee mingi. Mwaka 1997 watafiti wa Swedi waliandika jambo moja la kawaida sana: kuna wazee wanaosimama kila mara unapowaongelesha wakitembea, na wale njo wanaoanguka zaidi. Kichwa chao hakiwezi tena kazi mbili pamoja. Kama unataka kumuambia kitu, musimame kwanza, umuambie, kisha muendelee.

Na chakula. Muzee akule amekaa wima, kidevu chini kidogo, bukari kwa vipande vidogo na sombe yenye maji-maji, bila haraka. Akimaliza, abaki amekaa nusu saa. Anayelala siku yote, ageuzwe kila masaa mawili ili ngozi isifunguke.

Kitu kilichotushangaza zaidi ni hiki. Mutu wa kinezi hakuwa anaeleza. Alikuwa anafanya yeye mwenyewe mbele ya muzee, na muzee anamufuata. Ukimuambia "papa, nyoosha mugongo", hasikie kitu. Lakini siku moja walimupa mukononi mupini wa pao. Mara moja miguu ikafunguka, magoti yakakunjika kidogo, mugongo ukanyooka, mikono ikashika mahali pake. Tulinyamaza wote. Kichwa kilikuwa kimesahau mwaka, kimesahau jina la muke wake marehemu. Mwili ulikuwa bado unakumbuka kazi. Tangu siku ile, mupini ule njo mazoezi yake.

Tusiuze uongo

Katika muji huu kuna wauza-dawa wengi wanaopita na sipika juu ya kinga, chupa moja inaponya magonjwa kumi na mbili. Hatutaki kuwa kama wao. Basi tuseme wazi: mazoezi hayaponyi Alzheimer. Mupaka leo hakuna dawa inayoiponya, hata kule Ulaya.

Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya wagonjwa 494. Waliowekwa katika mazoezi ya nguvu walipata mwili wenye nguvu zaidi, lakini kusahau hakukupunguka. Upande mwingine, kule Finlandi, wagonjwa 210 wa Alzheimer waliokuwa wanaishi na wenzi wao walifuatwa mwaka muzima. Wale waliofanyishwa mazoezi nyumbani, saa moja, mara mbili kwa juma, walipoteza uwezo wa kujitumikia polepole kuliko wale wasiofanyishwa, na walianguka mara chache. Matokeo yalitoka mwaka 2013.

Chunguzi hizo mbili zinasema neno moja: usingojee mazoezi yarudishe kumbukumbu. Uyangojee yamuache mutu asimame, avae suruali yake mwenyewe, asianguke. Kwa familia yenye kuishi katika lupango wa watu kumi, tofauti kati ya muzee anayeenda choo mwenyewe na muzee wa kitanda, ni tofauti kubwa kuliko makuta. Lakini inapashwa kuanza mapema. Wazee wanasema: samaki mukunje angali mubichi. Mwili nao unyooshe mbele haujakauka.

Mugongo wa pili

Katika nyumba ya mugonjwa kuna migongo miwili inayoumia. Wa pili ni wa yule anayemuchunga, na karibu kila mara ni mwanamuke: muke, binti, mukwe. Binti wa muzee wetu alikuwa anamuinua kwa kumuvuta chini ya kwapa, kila siku, mupaka yeye mwenyewe akashindwa kuinama kwenye mbabula.

Na hapa sisi watu wa sendika tulipata haya. Kwa maana kila juma, kazini, tunafundisha namna ya kuinua mizigo. Weka muzigo karibu na mwili. Kunja magoti, usikunje mugongo. Usizunguke na muzigo mikononi, geuza miguu. Ita mwenzako kama ni muzito. Tunafundisha hayo kwa gunia la simenti. Hakuna hata mumoja wetu aliyefikiri kuyapeleka nyumbani kwa mama anayeinua mutu muzima wa kilo sabini.

Sheria zile zile zinatumika. Usimuvute kwa kwapa wala kwa mukono, bega la muzee linatoka haraka. Mupe wakati asogee mbele ya kiti, weka muguu wako mbele ya miguu yake ili asiteleze, kunja magoti yako, hesabuni pamoja mupaka tatu, na umuache afanye mwenyewe sehemu anayoiweza. Ukimufanyia yote, umemunyanganya mazoezi yake.

Neno letu kwa wandugu wa kazi

Sendika imepigania mapafu, mikono na miguu ya wafanyakazi. Vichwa, tulivisahau. Mwaka 2024 kundi kubwa la wataalamu wa dunia liliandika kwamba karibu nusu ya magonjwa haya ya kupoteza akili, 45 kwa mia, inaungana na mambo 14 yanayoweza kupunguzwa. Kati yao kuna tansio, sukari, tumbako, pombe, kupigwa kichwa, hewa muchafu, kubaki peke yako, na masikio yaliyokufa. Ndugu mufanyakazi, soma tena liste ile. Kelele ya mashini, vumbi, jiwe kwenye kichwa, litre ya lutuku nyuma ya posti. Ni maisha yetu.

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inalazimisha mwajiri kutunza afya ya mufanyakazi na familia yake wakati mukataba unaendelea. Mukataba ukiisha, matunzo yanaisha, na ni pale pale uzee unapoanza. Tena baba na mama wa mufanyakazi mara mingi hawako kwenye liste. Mwaka 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 walitoka Gécamines katika mupango wa kutoka kwa hiari. Wale walio bado wazima leo ni wazee, katika Manika, katika Dilala, ku Luilu, ku Likasi. Nani anawaangalia masikio? Nani anawafundisha watoto wao kuwasimamisha?

Kwa hiyo, delege atakayeketi kwenye meza ya mapatano, abebe maombi matatu. La kwanza: kila mufanyakazi apimwe masikio, macho na tansio mbele ya kuingia retreti, na karatasi abaki nayo. La pili: vifaa vya kufunika masikio vitolewe na vivaliwe, si vya kupiga foto tu siku ya wageni. La tatu: waliotoka kazi na wazazi wa wafanyakazi wapewe nafasi ya kuonana na mutu wa kinezi, hata mara chache kwa mwaka, ili afundishe familia. Mara chache zinatosha kuanza, maana kazi kubwa inafanyika nyumbani, kwenye kiti cha mbao.

Na familia isingojee mapatano. Leo jioni, angalia muzee wako anakaa wapi. Ondoa kanape iliyozama. Funika shimo la lupango. Weka taa ku njia ya choo. Mupeleke kwa munganga mbele ya kumupeleka kwa mutu anayetafuta mulozi. Kuomba Mungu hakukatazwe, lakini Mungu hajasema muzee mugonjwa afungwe bila maji.

Muzee wetu, ugonjwa wake haukurudi nyuma. Mwaka huu amesahau na jina la binti yake, anamuita "mama". Bado anaamuka mbele ya saa kumi na moja na kutafuta botini. Lakini hajaanguka tena tangu mufereji ule. Binti hamufungie tena ndani: wanatoka pamoja, pembeni kwa pembeni, mupaka kwenye barabara, wanasimama kidogo, kisha wanarudia kukunywa chai.

Na sisi tukipita pale, tunashuka, tunavua kasko na kumusalimia: "Jambo, papa." Anainua kichwa na kutuangalia ndani ya macho.